Salamu Niliyomrekodia Mama

Nichekeni tu. Mama yangu anaishi Singe, ana presha, nami nafanya kazi hapa mjini Babati na kujiona mtoto mwenye akili. Nilimwekea kwenye simu programu ya kumkumbusha dawa. Ilitaka nirekodi sauti ya kumwita kila asubuhi. Niliona si adabu kumwamuru mzazi, nikasema tu, "Shikamoo mama." Akishameza, abonyeze kitufe cha kijani, nami nipate ujumbe. Nilimweleza harakaharaka, bodaboda ikinisubiri nje.

Ujumbe ulikuja kila asubuhi. Nikatamba kazini, nikaacha hata kwenda kumwona. Jumamosi nikamchukua Mama Neema, mwenzangu wa kazini, akajionee.

Tulifika mlangoni simu ikiita kwa sauti yangu, "Shikamoo mama." Mama, miguu imemvimba, aliiinamia. "Marahaba, Josefu wangu. Umekula?" Akasubiri. Kisha akabonyeza. Simu yangu ikalia mfukoni: amemeza. Bahasha ya dawa ilikuwa dirishani, haijafunguliwa.

Mama Neema akapiga hodi. Mama akageuka, asinione mimi niliyesimama nyuma.

"Karibu ndani. Nilikuwa naongea na mwanangu. Kila siku ananisalimia, ila hangoji nimjibu."