Magunia Kumi ya Chokaa Mbichi

Jambo lote liligharimu shilingi mia moja arobaini na tatu, na jicho moja. Shilingi zilikuwa zangu. Jicho halikuwa langu. Nimepiga hesabu mara mbili na jibu ni lile lile: magunia kumi ya chokaa, mia na ishirini, mkokoteni, kumi na tano, teksi, nane. Hospitali ilikuwa bure miaka ile ya Ujamaa.

Saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye wajomba ofisini. Mimi sikuwa na mjomba, nikaamua kumalizia chumba changu cha Kariakoo kwa chokaa. Niliipata kwenye ghala moja karibu na bandari, lakini ilikuwa mbichi, haijazimwa kwa maji. Ukiitazama ni unga na mawe makavu tu. Ikilowa inachemka yenyewe na kuunguza ngozi. Wasukuma mikokoteni waliijua. Chokaa iliyozimwa waliibeba kwa kumi na tano. Mbichi, thelathini, pamoja na turubai la kufunika.

"Imezimwa hii?" akauliza niliyemchagua, mtu wa Lindi, kifua kama mlango.

"Zamani."

"Basi kumi na tano, tajiri."

"Usiniite tajiri, ndugu. Utanifungisha."

Akacheka. Nami nikacheka, nimeokoa kumi na tano. Mawingu niliyatazama mara moja tu.

Tulipofika mtaa wa Gerezani yakaanza manyunyu. Nikamwambia akaze mwendo.

"Haraka ya nini? Chokaa iliyokufa inaogopa mvua?"

Nikawa natembea nyuma, nagusa magunia kwa kiganja. La tatu lina joto. La nne pia. Hapo ningeweza kusema. Badala yake nikavua shati, nikafunika gunia moja, yamebaki tisa.

Moshi ukatoka. Mama mmoja muuza maandazi akapiga ukelele: "Moto! Moto jamani!" Foleni nzima ya bomba la mtaa ikageuka na ndoo zake. Watu wema kabisa, na sijawahi kuwaogopa watu namna ile.

"Msimwage maji!" nikapiga kelele.

"Sasa moto unazimwa kwa nini, kwa soda?" kijana mmoja akajibu, na ndoo ikamwagwa.

Msukuma mkokoteni alikuwa ameinama anafungua kamba kwa mikono mitupu, aokoe mkokoteni wake. Gunia likapasuka, chokaa ikamrukia usoni.

Nilimpangusa unga kwa kitambaa kikavu, kama fundi wangu wa ujenzi alivyonifundisha, nikamburuta bombani. Sasa ndipo maji yalipohitajika, mengi, yasiyokatika. Nikamfungua kope kwa vidole.

"Foleni, kaka!" mwanamke mmoja akafoka. Kisha akauona ule uso. Akasogeza ndoo yake, akamshika kichwa kisitikisike. Nilihesabu hadi mia sita, nikaanza upya.

"Wametuuzia mbichi wale wa ghalani," msukuma akawa anasema huku maji yakimwingia mdomoni. "Wametuibia, tajiri."

Nikaendelea kuhesabu.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto likawa jeupe, likabaki hivyo. Daktari alimwambia kwamba bila yale maji angepoteza yote mawili, naye akaenda kumsimulia kila mtu.

Tangu hapo, kila Idi anakuja kwangu na samaki wa soko la Feri aliyefungwa kwenye gazeti. Anakaa, anakunywa chai, anawasimulia watoto wangu, na sasa wajukuu, jinsi nilivyomwokoa. Halafu anawalaani watu wa ghala. Mtunza ghala alishakufa. Bado anamlaani, na mimi namimina chai. Mke wangu hajui ukweli. Yule wa Lindi mwenyewe vitabu hasomi, anasema jicho moja si la kuchezea.

Idi ni wiki ijayo. Wewe unayesoma, nishauri: nimwambie kabla hajakaa, au nipokee tena samaki?