Nilivyompandisha Doreen Marangu Kung'olewa Meno

Nilimpeleka Doreen Marangu kwa sababu mama mkwe alisema, na mimi mke wa watu sikuwa na ubavu wa kubisha. Mtoto alikuwa na miezi minane na ameharisha siku mbili, choo cha maji matupu. Baba yake ni mpagazi. Wakati huo alikuwa mlimani na wageni, simu haipatikani. Jioni mama mkwe akaniambia kwa simu kwamba hayo ni meno ya plastiki, meno mabaya yanayojificha chini ya fizi na kumaliza watoto, na kwamba kijijini kwao yuko mama anayeyang'oa. Mpaka tufike nisimpe maji wala ziwa, maana kila kinachoingia kinatoka. Nilitii, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake saa moja asubuhi nilifunga chumba chetu cha Majengo, mjini, nikamwachia jirani gauni la mteja nililoshona, limebaki kupigwa pasi. Ndani ya gari Doreen alilia mfululizo. Dada aliyekaa karibu yangu alitoa chupa ya maji, nikamwambia mtoto amekatazwa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Tulipofika Himo kilio kilikatika, nami, mjinga mimi, nikashukuru nikidhani amepata nafuu.

Kuanzia hapo barabara inapanda, na baridi ikaanza. Marangu Mtoni tulikuta manyunyu na ukungu, mlima wenyewe hauonekani. Pikipiki ikatupeleka mpaka kwenye kihamba cha wakwe, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Mama mkwe alikuwa anatusubiri mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mikono yake imeshamchukua mtoto. Alinipakulia mtori wa ndizi wa moto. Niliumeza kwa adabu tu.

Saa nne mama wa meno aliingia. Nilitarajia mtu wa kutisha. Alikuwa mpole, kitambaa chake cha kichwa kimepigwa pasi vizuri kuliko changu. Akafungua kitambaa kingine, ndani mna spoku ya baiskeli iliyonolewa. Alimlaza Doreen mapajani, akambonyeza fizi kwa kidole, akasema yako manne na yamekomaa. Doreen akakunja uso kulia. Mdomo ulifunguka wote, sauti ikatoka kidogo, na machoni halikuja hata chozi moja. Nimemlea yule mtoto miezi minane, sijawahi kumwona akilia macho makavu.

Nikamnyanyua.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Zahanati, mama."

"Watamjaza maji wamuue. Mwache atolewe meno kwanza."

Nikatoka naye nje. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa kisogo mama wa mume wangu. Nilishuka njia ya matope mpaka barabarani, nikapata pikipiki. Hatujakaa sana kwenye benchi la zahanati, mama mkwe naye akafika, na ndala zake za nyumbani, amenuna.

Nesi alimfinya Doreen ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akanionyesha macho yaliyozama. Halafu akachanganya pakiti ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kwenye lita nzima ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akanipa kijiko. Nimpe kidogo kidogo bila kuchoka, akitapika nisubiri dakika kumi niendelee, na ziwa nisimnyime. Doreen alikidaka kijiko cha kwanza kwa fizi zote mbili, akaning'ang'ania mkono nisikiondoe. Nililia hapo hapo mbele za watu. Mtoto alikuwa na kiu tangu jana, na aliyemnyima ni mimi.

Mchana, baada ya saa nyingi za vijiko, alikojoa. Nesi akafurahi kuliko tulivyotegemea mtu afurahie mkojo. Alitupa pakiti nyingine na vidonge vya zinki vya siku kumi, akasema kuharisha kutaendelea kidogo, cha kuogopa ni kukauka. Mama mkwe akamuuliza taratibu:

"Na anayelilia maji, akinyimwa?"

"Anakauka, bibi. Wengi hufa hivyo."

Alasiri tulirudi nyumbani kwake. Mama mkwe hakuingia ndani. Alichuma jani la sale, mmea ambao Wachaga huutumia kuombea msamaha. Ukipelekewa hilo jani na aliyekukosea, ni vigumu kumkatalia. Nilidhani analileta kwangu, nikaanza kujiandaa kusema yamekwisha mama.

Alinipita. Akaenda katikati ya migomba, akainama mahali palipokuwa na majani tu, bila msalaba wala jiwe. Nilimfuata na Doreen akinyonya. Ndipo akaniambia kwamba kabla ya mume wangu alizaa mtoto wa kiume, mtoto akaharisha, naye akamnyima maji siku tatu, mama wa meno hapatikani, mpaka mtoto akafa, akazikwa hapo. Miaka yote amekuwa akijilaumu kwamba alichelewa kumng'olea meno.

Akaliweka jani chini kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaramba kanga yangu," akasema. "Nilikuwa nimetoka kufua, bado ina maji. Nikaivua, nikaenda kuianika."