Neno la Kizungu la Kuteta

Babu alituachia wajane wawili katika nyumba moja ya Bagamoyo: bibi mkubwa, aliyemzaa baba yangu, na bibi mdogo, mke mwenzie. Walizozana tangu kabla ya uji. Tui zito litiwe lini, kifagio kisimamishweje, nani kaacha mlango wazi kuku wakaingia. Nawakumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa sura.

Miaka ile ya sitini nilikuwa nasoma sekondari Dar, na likizo moja nikarudi na neno la Kiingereza nililoliokota kwenye kamusi: *brabble*. Nikawaeleza kwa maringo kwamba ni kuzozana kwa jambo dogo, neno la kale ambalo Waingereza wenyewe wamelisahau, na huenda walilipata kwa Wadachi. Kamusi iliandika *Dutch*, nami nikaona ndio haohao Wadachi, Wajerumani waliotutawala zamani.

"Wadachi nawajua," akasema bibi mkubwa. "Hawakuwa watu wa kuzozana wale. Walikuwa watu wa kiboko."

Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa *Dutch* ni Waholanzi, na kwao neno hilo maana yake ni kupayuka ovyo.

Siku ile bibi mdogo alidakia tu, "Neno lako hilo ni kubwabwaja. Husikii sauti zinavyofanana?"

"Si kubwabwaja," akasema bibi mkubwa. "Ni kuteta."

Wakaligombea neno hilo mpaka wali ukashika chini. Ami yangu, mtoto wa bibi mdogo, aliwasili kutoka Vigwaza akawasikia tangu barazani.

"Mama, funga vitu vyako twende kwangu," akasema. "Majirani wanatucheka."

Bibi mdogo akaanza kukunja kanga zake, kimya. Sikuwahi kumwona kimya. Niliogopa, maana mtoto wa kiume akishasema, mama mjane huenda.

Bibi mkubwa akaziba mlango. "Wampeleka wapi?"

"Mama mkubwa, si mnateta kutwa?"

"Twateta. Babaako alipokufa, ndugu zake wakataka kumtoa mamaako humu, nani alimtetea? Huyu nateta naye mimi, na namtetea mimi."

Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mawili maisha yangu yote bila kuona kuwa moja limezaliwa na jingine. Lile la Kizungu halikuwa na mtoto kama huyo.

Ami akainama, akaomba radhi. Bibi mdogo akafuta macho kwa upindo wa kanga, akamgeukia mwenzie.

"Nani kakuomba unitetee?"

Wakaanza upya. Sijapata kusikia ugomvi mtamu kama ule.