Ukingo Ulionyooka Kando ya Migomba Yangu

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anaishi mtaa wa Picha ya Ndege, na kazi yake ni kuchora ramani kwa kompyuta. Nilipokuwa kwake nikitibiwa mguu, alikuwa amepewa vijito vyote vya wilaya ya Kisarawe. Kila kijito akizungushie ukanda wa mita sitini usioruhusiwa kulimwa, kisha kanda zinazogusana azifutie mipaka ya ndani ziwe kitu kimoja.

Kazi hiyo ilinihusu. Kule kijijini Vihingo, Kisarawe hiyo hiyo, nina migomba kando ya kijito, niliyoipanda na marehemu mke wangu, nayo ndiyo inayonilisha. Ramani ndiyo ingesema ibaki au iondoke.

Mwanzoni kompyuta ilihema. Feni yake ilivuma tangu asubuhi hadi sala ya jioni, kisha kompyuta ikagoma. Aliipa vijito vyote kwa mpigo, na kila ukanda ulilinganishwa na kanda zingine zote, hata za mbali usizoweza kugusana nazo.

Asubuhi moja aliniamkia akicheka. "Shikamoo mjomba. Leo itamaliza kabla chai yako haijapoa."

"Marahaba. Imekula nini?"

"Nimeipunguzia mzigo. Wilaya nimeikata vipande vya mraba. Kila kipande kinaunganisha kanda za kwake, halafu kipande na jirani yake, hivyo hivyo mpaka wilaya nzima."

Nilielewa, maana nimekuwa katekista muda mrefu. Ndivyo tunavyokusanya mavuno ya shukrani: kaya kwa jumuiya, jumuiya kwa kigango, kigango kwa parokia. Lakini moyo ulinishtuka. Tulipoigawa jumuiya yetu sehemu mbili, mama mmoja mgonjwa, nyumba yake ikiwa mpakani, alikaa Kwaresima nzima bila kuletewa Komunyo. Kila upande ulidhani ni wa wenzao. Tangu hapo nikisikia habari ya kugawa, huuliza ni nani yuko mpakani.

Chai ilikuwa bado moto aliponigeuzia kioo. "Tazama mjomba, migomba yako imepona!"

Kweli ilikuwa nje ya ukanda. Nilimshukuru Mungu kwa mdomo, moyo ukakataa. Ukanda ulifuata kijito kona kwa kona, ulipofika kwangu ukakatika wima kama pindo la shuka. Kijito changu hupinda kila hatua. Huo unyoofu umetoka wapi? Nikamtazama mpwa wangu, na shaka mbaya zaidi ikaniingia.

"Mwanangu, umenipendelea?"

Kicheko kilimtoka. "Mjomba! Mimi niharibu kazi yangu kwa mkungu wa ndizi?"

"Ndizi hizo umezila tangu utotoni."

"Na ndizo zinazokufanya unione mwizi?"

Niliona haya, ila shaka haikuondoka. Nikamwuliza, "Hapo palipokatika, ndipo kipande kinapoishia?"

Aliikuza ramani, akaweka juu yake mistari ya vipande. Kijito kilikuwa katika kipande kimoja, migomba yangu katika kipande cha pili. Kipande changu hakikuwa na kijito, kwa hiyo hakikuchora ukanda. Kile cha jirani kilichora wake, kikaukata mpakani.

"Nimekosea," alisema polepole.

Nikamsimulia habari za yule mama mgonjwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akakiagiza kila kipande kivitazame kwanza vijito vya jirani vilivyo ndani ya mita sitini kutoka mpakani, ndipo kichore. Kazi ikaanza upya. Chai ilipoa, lakini kompyuta haikugoma, na kabla ya adhuhuri ramani ilikuwa tayari. Ukanda ulikuwa umevimba, umeifunika migomba yote.

"Ungenyamaza tu, mjomba," alisema, na sasa macho yake yalikuwa na machozi.

"Na wengine wa mpakani ningewanyamazia pia?"

Tukapita kingo zote za vipande, yeye akikuza, mimi nikitafuta kilichonyooka. Hatukukiona tena. Hata hivyo sikuamini kioo. Mguu ulipopona nikamwomba twende Vihingo na futi kamba. Alishika upande wa kijitoni, mimi nikapanda nayo juu, nikiomba moyoni mita sitini zitimie mapema. Mgomba wa mwisho, ule alioupanda mke wangu kwa mkono wake, ulikuwa ndani ya ukanda bado.

Nilifanya ishara ya msalaba, nikamwomba mpwa wangu jembe. Tukaanza kung'oa machipukizi tuyapeleke juu, nje ya ukanda, tukianza na la mgomba ule.