Kuogelea kwa Mwendo wa Ngoro

Mume wangu alikuwa mtu wa Mbamba Bay, mimi ni mtu wa Mapera, juu milimani. Yeye alikulia ziwani, mimi nilikulia kwenye kahawa. Kila tulipoteremka kuwasalimu wazazi wake, aliogelea kutoka ufukweni kwao hadi kwenye kisiwa cha mawe kilicho mbele ya nyumba, kisha akarudi. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, wakati huo nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Tulikubaliana kwamba siku moja tutakwenda kisiwani pamoja. Kisha figo zikamshinda. Alipofariki nilikuwa na mengi ya kulia, lakini hilo la kisiwa lilinisumbua zaidi, kwa sababu lilikuwa bado linawezekana.

Mwaka wa kwanza baada ya msiba nilijaribu na kushindwa. Dada yake, wifi yangu, alikubali kunifuata na mtumbwi.

“Umevaa kaptula ya kaka?” aliniuliza.

“Ndiyo.”

“Basi usiizamishe. Ilimpendeza.”

Sisi wa milimani tunajua kupanda. Kwenye mwinuko tunajipimia pumzi, tukifika tambarare tunakazana ili kufidia muda. Asubuhi ile ziwa lilikuwa tambarare kuliko barabara yoyote niliyowahi kuiona, nami nikakazana. Kabla ya nusu ya safari mikono ilikuwa mizito kama magogo. Nilishika ukingo wa mtumbwi, wifi akanivuta ndani kwa kiuno cha kaptula.

“Wifi, ulikuwa unafukuzwa na nani?”

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Mvua zilipokaribia kuisha nilikuwa shambani na majirani, tunachimba ngoro, yale mashimo ya kwenye mteremko yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Nyasi zilikuwa zimeshafyekwa na kulazwa kwa miraba. Kazi yetu wanawake ilikuwa kuchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Tangu msiba nilikuwa nachimba haraka, bila neno, halafu mchana nalala chini wakati wenzangu bado wanaendelea. Siku hiyo jirani yangu aliacha jembe akanitazama.

“Mama, umenuna au umechoka?”

“Sijanuna.”

“Basi ongea. Hapa anayenyamaza ndiye anayelala mchana.”

Wote walicheka, nami nikacheka kidogo. Lakini niliwaangalia. Kweli, walichimba kutwa nzima wakisengenya, na stori ilipokatika kwa kukosa pumzi, majembe nayo yalipungua kasi hadi stori ikarudi. Hakuna aliyewafundisha. Nikapunguza kasi na kuanza kuchangia umbea. Jioni nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, na bado nilipika.

Nikaanza kujizoeza hivyo. Msimu wa kahawa nilibeba ndoo kutoka bondeni huku nikisalimiana na kila niliyepishana naye. Nikishindwa kumaliza Shikamoo na habari za nyumbani, najua nimezidisha mwendo. Sitasema jembe linafundisha kuogelea, kwa sababu si kweli. Lilinipa mabega na mgongo. Kutoa pumzi majini nilijifunza kwa kuzamisha uso kwenye beseni, watoto wakinicheka, na kwa kuteremka ziwani kila nilipoweza.

Mwaka uliofuata, ziwa lilipotulia, nilimwambia wifi, “Safari hii usinyamaze. Niulize maswali. Nikishindwa kujibu, acha kupiga kasia, nijue nimezidisha.”

“Maswali gani?”

“Yoyote.”

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hatukuwa mbali na ufukwe aliponiuliza, “Wifi, huko Mapera mnaoga kweli?”

“Tunaoga. Nyie wavuvi mnanuka usipa.”

“Huo usipa si ndio unaula kila ukija? Hivi kaka yangu alikupendea nini?”

Nilivuta pumzi. “Maharage yangu.”

Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Tulipovuka nusu, upepo ulianza kutoka kusini na mawimbi madogo yakanipiga shavuni. Niliona kisiwa kimekaribia, mikono ikataka kukimbia.

“Watoto wanakula nini leo?” aliuliza.

Sikujibu. Kasia likanyamaza. Mtumbwi ukabaki nyuma yangu.

“Nimeuliza, wanakula nini?”

Nilipunguza. Nikavuta maji taratibu, mkono mmoja, kisha mwingine, mpaka neno likapatikana.

“Ugali.”

“Na mboga gani?”

“Kisamvu.”

“Cha nazi au cha karanga?”

“Karanga, wifi! Piga kasia!”

Nilifika. Jiwe lilikuwa na utelezi, nikalishika mara mbili kabla ya kupanda. Nilikuwa nimedhani nitalia nikifika, lakini nilichokisikia ni njaa. Wifi alinipa muhogo wa kuchemsha nikaumaliza. Sikumwona mume wangu pale, na sitasema nilimwona. Ila umbali ule ambao tuliuongelea miaka yote sasa naujua kwa mabega yangu mwenyewe, na hakuna wa kunisimulia.

“Utarudi kwa kuogelea?” wifi aliuliza.

“Hapana. Nimechoka, lakini si sana.”

“Kama si sana, shika kasia. Mimi nimepiga kasia na kuongea asubuhi nzima.”

Akaingia kwenye mtumbwi, akanyoosha miguu, nami nikatupeleka nyumbani.