Mkwe Aliyegeuza Maji ya Kalumbi

Kama mtoto wa kwanza wa Mama Mado angekuwa wa kiume, maneno yake angeyasema kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini alizaa binti, Mado, na Mado akaolewa na Sumaili, kapita aliyesimamia wachimbaji wa kambi ya dhahabu upande wa Salamabila. Na kwao Kabambare, mwanamke hasemi na mume wa binti yake, wala halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Mama Mado, ambaye mapadri walimbatiza jina la Sidonie, aliishika heshima hiyo tangu siku ya harusi.

Kijito cha Kalumbi kilipita chini ya nyumba zao. Kila kiangazi wanawake walikifunga kwa udongo na migomba, kisha wakachota maji ya bwawa kwa vibuyu na vikapu hadi kambale wakabaki wakirukaruka matopeni. Samaki hao walikaushwa juu ya moto, na ndio waliowavusha watoto miezi ya njaa. Siku hizo mashamba ya karibu yalikuwa ya pamba, kwa amri ya Serikali, na mtoto hawezi kutafuna pamba.

Kiangazi kimoja, katikati ya kelele na matani, jirani yake Albertine alipaza sauti, "Mama Mado, jifiche! Mukwe wako iko kule juu na Muzungu!"

Sidonie alijitumbukiza mpaka shingoni, akajifunika kikapu kichwani. Wanawake walicheka hadi wakaachia samaki.

"Angalieni kambale mwenye kofia!"

"Mukwe akimuvua huyu, atamupika na nini?"

Chini ya kikapu, Sidonie hakucheka. Kwenye matundu alimwona Sumaili akimwonyesha Mzungu wa kambi kitu kwa fimbo. Hakuwa akionyesha samaki wala wanawake. Alikuwa akionyesha lile boma lao la udongo, mahali ambapo maji yalikubali kusimama.

Usingizi ukampungua. Kule kambini alikuwa ameona wanavyofanya: hukigeuza kijito kwa mfereji, mkondo wake wa zamani ukakauka, kisha huchimba changarawe na kuiosha. Bwawa likichimbwa hivyo, samaki hawarudi tena.

Mado alipokuja kumtembelea, tumbo lake la mimba likiwa limeshajitokeza, mama yake hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Mwambie mume wako wafunge kule juu, kwenye mawe. Wachimbe huko. Huku chini watuachie bwawa letu."

"Mama, kwenye mawe kazi iko nguvu. Muzungu ametuahidia nyumba ya mabati dhahabu ikiongezeka."

"Sikatai nyumba yako. Mwambie mawe."

Kweli hakuikataa. Kikwembe alichojifunga kiunoni kilitoka kambini, na chumvi ya chunguni pia. Alitaka tu kazi iende na bwawa libaki. Hakuona kwa nini hayo mawili yasiweze kukaa pamoja.

Jibu lilirudi baada ya Misa ya Jumapili. "Anasema mama asiwe na wasiwasi."

"Umemwambia nini hasa?"

Mado alishika hereni yake, akaizungusha. "Nilimwambia unaomba watufikirie."

"Mimi nilisema mawe, Mado."

"Nikisema vile ataona ninamugombanisha na kazi yake. Ni mimi ninayelala naye nyumba moja, mama. Si wewe."

Sidonie alimtazama mwanawe, lile tumbo, na ile hereni.

Asubuhi watu wa kambi waliposhuka na majembe, alikwenda kusimama njiani. Sumaili alipomwona aliingia majanini, kama inavyopasa. Sidonie akamfuata humo humo.

"Sumaili!"

Alilitaja jina lake. Wachimbaji wakaacha majembe yao. Mmoja akasema taratibu, "Huyu mama amerukwa na akili."

Sumaili alikuwa ameshageuza mgongo na kujifunika uso kwa kofia.

"Baba, nitazame. Fungeni juu, kwenye mawe. Bwawa mkilikausha, mtoto wako huyu anayekuja atakula nini?"

Sumaili aliivuta kofia chini zaidi. Kwa aibu, au kwa hasira, au kwa sababu alijua kwamba mama anasema kweli, Sidonie hakuweza kujua. Mgongo haumwonyeshi mtu. Mwishowe akasema, akielekea upande wa watu wake, "Mwambieni mama arudi nyumbani. Mimi sijaona mutu hapa."

Alimheshimu mpaka mwisho. Mgongo ukiwa bado umemgeukia, akanyoosha fimbo, na watu wakaanza kuchimba pale pale penye boma.

Faradji, mume wa Sidonie, alipeleka kuku kambini kufuta aibu, na kwa siku nyingi hakusema na mkewe. Kalumbi iliingia kwenye mfereji wake mpya. Maji yaliyotoka chini ya kambi yalikuwa mekundu kama matofali, na wanawake wakaanza kupanda mlima kutafuta ya kunywa. Kwenye bwawa yalibaki mashimo na marundo ya mawe meupe. Dhahabu yenyewe hakuna aliyeiona ikivaliwa Kabambare. Nyumba ya mabati ilijengwa, ni kweli, na mvua ikinyesha ilipiga kelele hata mtoto wa Mado akalia.

Kiangazi kilichofuata Mado alikuja na mtoto mgongoni na kifurushi mkononi. "Sumaili amekutumia. Samaki wa kantini, duka la kambi. Wanatoka mbali, Tanganyika."

Walikuwa wadogo, wakavu, wenye chumvi kali. Sidonie aliwageuzageuza. Nyumbani kulikuwa na sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo, na wadogo zake Mado walikuwa wanakichungulia kifurushi.

"Mwambie asante," alisema, akaweka chungu motoni.

Neno hilo Mado alilifikisha lote.