Pua ya Kituo cha Maziwa

Kwenye kituo cha kupokelea maziwa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Pua, basi. Kila asubuhi wafugaji walipanga foleni na ndoo zao, naye hufunua kifuniko, huinama, hunusa mara moja tu, kisha hukata shauri: pita, au rudi nayo. Hakuna aliyembishia. Angekwambia ndoo umeisuuza kwa haraka, na ukienda kuikagua unakuta ni kweli. Kichwa kilimvimba kidogo, tusifichane. Kuonja maziwa aliona ni kazi ya watu wasio na pua.

Halafu akapata mafua mabaya. Alipopona, kahawa ikawa maji ya moto na sabuni ikawa jiwe. Harufu zote zilikwenda zake, wala hazikurudi. Mtu mwenye akili timamu angesema. Pua akajikaza, maana aliogopa kubaki hana hata hilo jina la utani. Akaendelea kuinama juu ya ndoo na kuvuta pumzi kwa madaha, huku jicho la pembeni likimchunguza mwenye maziwa. Mwenye uso mkavu alipita. Mwenye wasiwasi alirudi na ndoo yake nyumbani. Eti huko ndiko kupima maziwa!

Asubuhi moja ikafika zamu ya wifi yake, mjane wa kaka yake mkubwa, mama mpole ambaye ng'ombe wake mmoja ndiye aliyemlisha yeye na watoto wake. Pua alipoinama, wifi akatazama chini.

"Rudi nayo, wifi," Pua akasema. "Yamechacha."

Wifi akafunga kifuniko polepole, akasema, "Haya, wifi," akaondoka.

Nyuma yake alikuwa bwana mmoja mcheshi, kifua mbele, salamu kwa kila mtu. Maziwa yake yakamiminwa tangini bila neno. Kufika mchana, tangi zima lilikuwa limeharibika.

Msimamizi hakujua ni ndoo ya nani iliyoleta balaa. Alichojua ni nani aliyekataliwa, na kwa kuwa Pua hakuwahi kukosea, hasira zote zikamwangukia huyo.

"Huyo wifi yako mchafu," akasema mbele ya wafanyakazi wote. "Kesho namfukuza hapa kituoni, liwe funzo. Lakini wewe, hongera! Hata ndugu hukumwonea haya."

Wakampigia makofi, na Pua akatabasamu. Akiwa njiani kwenda nyumbani alilikumbuka lile tabasamu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni akaenda kwa wifi yake, akijidanganya kwamba anakwenda kumpa pole. Sufuria ya maziwa ilikuwa ndiyo kwanza imeepuliwa. Wifi akammiminia kikombe. Maziwa yaliyochacha hukatika yakichemshwa, yakafanya mabonge. Haya yalikuwa laini. Pua akanywa. Pua yake ilikuwa imekufa, lakini ulimi ulikuwa mzima, nao ulimwambia maziwa ni matamu, uchachu hata chembe hakuna. Tone moja tu ulimini asubuhi ile lingetosha.

"Haya ni yale ya asubuhi?"

"Ndiyo hayohayo."

"Sasa mbona hukunibishia, wifi?"

"Mbele ya watu wote wale? Niseme nini, kwamba wifi yangu hasikii harufu?"

Pua akaweka kikombe chini. "Kumbe ulijua?"

"Juzi panya kafia nyuma ya kabati lile. Sisi tumeziba pua, wewe umekaa hapohapo unakula na kuongeza! Leo nilishindwa kukutazama ukijifanya, nikainamisha macho."

Pua akalia kwa kwikwi. Wifi yake hakumbembeleza, maana na yeye alikuwa ameumia.

"Nimesikia ya msimamizi. Watanifukuza?" akauliza wifi hatimaye.

"Hawakufukuzi," Pua akasema.

Asubuhi akamsimamisha wifi mbele ya foleni, msimamizi akiwa palepale.

"Maziwa ya huyu mama jana yalikuwa mazima. Mimi ndiye mwenye kosa. Sisikii harufu yoyote tangu nilipougua mafua."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Msimamizi akachota maziwa ya wifi kwa kijiko, akaonja, akayamimina tangini mwenyewe bila kumwangalia Pua.

Ndipo mama mmoja katikati ya foleni akauliza taratibu, "Na yangu, yale uliyoyakataa juzi? Niliyamwaga mtaroni. Yalikuwa mabaya kweli?"

"Sijui," Pua akasema.

"Na yangu?" akadakia mwingine.

"Sijui, mwenzangu."

Mzee mmoja akasogea mbele na ndoo yake mkononi. Hakuonyesha hasira, alitaka kujua tu.

"Na yangu, mwanangu?"